MJADALA: Je, skripti za wiki ziruhusiwe kuvuta maktaba kutoka seva za nje?

Wakuu, msimamo wangu nauweka mezani mapema: zisiruhusiwe. Maktaba yoyote ya kodi (kodi iliyoandikwa tayari na wengine) ambayo skripti inaitegemea ikae ndani ya wiki yenyewe, toleo lake likijulikana, na isibadilike mpaka aliyekabidhiwa kazi hiyo aibadilishe.

Tukumbuke skripti hizi zina nguvu gani. Kwenye MediaWiki, programu inayoendesha wiki kama Wikipedia, kodi iliyowekwa katika ukurasa wa MediaWiki:Common.js hufanya kazi ndani ya kivinjari chako ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Inaweza kuhariri kwa jina lako. Ukiwa mkabidhi, yaani msimamizi wa wiki, inaweza kufuta kurasa na kuwafungia watumiaji, na kumbukumbu zikaonyesha ni wewe. Ndiyo maana mwaka 2018 wakabidhi wa kawaida waliondolewa haki ya kuhariri kurasa hizo, ikabaki kwa kundi dogo la wakabidhi wa kiolesura. Halafu mstari mmoja wa amri ya mw.loader.load unaovuta faili la nje unampa mwenye seva, mtu tusiyemjua, mamlaka yale yale tuliyowanyima wenzetu.

Na seva huuzwa. Polyfill.io, huduma ya kodi za kusaidia vivinjari vya zamani, ilitegemewa kwa miaka mingi. Mwaka 2024 kikoa chake kikaingia mikononi mwa mmiliki mpya, na Juni ikagundulika kinapachika kodi ya kuwapeleka watumiaji wa simu kwenye tovuti za kamari. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zinaivuta. Wenye tovuti hizo hawakuwa wamegusa hata herufi moja.

Wapo watakaosema tutumie hashi: kivinjari kilinganishe faili na alama iliyoandikwa, lisipolingana kilikatae. Ni utaratibu mzuri, W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliupitisha mwaka 2016. Ila Polyfill.io ilitoa faili tofauti kulingana na kivinjari, kwa hiyo hashi moja isingetosha. Na hata ikilingana, anwani ya IP ya msomaji imeshamfikia mtu ambaye msomaji hakuomba kukutana naye. Kwangu hilo pekee linatosha kukataa.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, hatari umeieleza vizuri, lakini dawa yako ina sumu yake. Nakala ikishawekwa ndani, nani anairudia? Aprili 2020 toleo la 3.5.0 la jQuery, maktaba maarufu ya JavaScript, lilitoka kuziba tundu la usalama lililokuwepo tangu matoleo ya 1.2. Aliyenakili toleo la zamani kwenye ukurasa wa wiki akaondoka, ameliacha tundu wazi. Wiki kubwa zina watu. Ndogo zina mkabidhi mmoja anayeingia akipata nafasi.

Mleta mada: Ndugu, hapo umegusa penyewe, na sitaki kulipita juu juu. Kwanza, vifaa vingi (gadgets, yaani skripti za nyongeza za wiki) havihitaji kunakili chochote. jQuery tayari imo ndani ya MediaWiki. Unataja tegemezi lako, yaani maktaba unayoihitaji, kwenye ukurasa wa MediaWiki:Gadgets-definition unaoorodhesha vifaa, mfano [ResourceLoader|dependencies=mediawiki.util], na wiki ikisasishwa nalo linasasishwa. Anayeleta jQuery yake mwenyewe ndiye anayeharibu: inaikalia ile ya kwanza, programu-jalizi zilizoshikizwa hapo zinapotea, kitufe cha kifaa kingine kinakufa, na lawama zinamwendea asiyehusika.

Kwa maktaba ambazo hazimo, tuige wanavyofanya watengenezaji wa MediaWiki wenyewe. Faili linawekwa kwenye folda ya resources/lib, na orodha ya foreign-resources.yaml inaandika toleo, chanzo na hashi yake. Sisi tuandike hayo juu kabisa ya ukurasa wa skripti, tuongeze jina la mtunzaji. Kifaa kisicho na mtunzaji kizimwe. Najua wapo watakaokasirika.

Mchangiaji wa tatu: Na maktaba nzito, za ramani na grafu? Huwezi kuzibandika kwenye ukurasa wa wiki.

Mleta mada: Kwa miradi ya Wikimedia, Toolforge, seva za Wikimedia za zana za wachangiaji, ina nakala ya cdnjs (ghala la mtandaoni la maktaba za kodi) inayotolewa kwa seva zao wenyewe, kwa hiyo msomaji habaki mikononi mwa kampuni ya nje. Hiyo naikubali, kwa sharti toleo liandikwe kwenye anwani. Wiki zinazojitegemea ziweke faili kwenye seva yao. Anayepinga hili la kuzima vifaa visivyo na mtunzaji aseme vitasasishwa na nani.