Doa la mwanga katikati ya kivuli, kuna aliyewahi kuliona kwa macho?

Ticha_PCM:
Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tano, tuko kwenye mawimbi. Juzi nimewaambia wanafunzi kwamba ukimulika kitu cha mviringo kwa mwanga unaotoka kwenye nukta moja, katikati kabisa ya kivuli chake panatokea doa la mwanga. Darasa zima likabisha, binti mmoja akaniuliza "sasa mwalimu pale kati si ndo pamezibwa kuliko kote, mwanga umepita wapi?" na mi naona swali lake lina akili sana. Nikajaribu na tochi ya simu na sarafu ya mia mbili, ukutani naona kivuli tu basi. Hii kitu inawezekana kwa vifaa vya mtaani kweli au mpaka maabara kubwa? Na ilianzaje, maana kitabu chetu kimeipa mstari mmoja tu

mzee_wa_mawimbi:
Mwambie huyo binti kauliza swali lile lile lililowagawa wanasayansi wa Ufaransa miaka 200 iliyopita. Wakati ule wengi walishika msimamo wa Newton kwamba mwanga ni chembe. Akademia ya Sayansi ya Paris ikatangaza shindano, aeleze mtu kwa nini mwanga unajikunja ukipita ukingoni mwa vitu. Mwaka 1818 Fresnel akapeleka kazi yake, na huyu alikuwa injinia wa barabara na madaraja, sio profesa wa mwanga, akatetea kwamba mwanga ni mawimbi, kwa hesabu kamili. Kwenye majaji alikuwepo Poisson, mwanahisabati wa upande wa chembe, hesabu anazijua mpaka basi. Akachukua hesabu za Fresnel akazisukuma mpaka mwisho akasema haya, kama uko sahihi basi nyuma ya sahani ya duara, pale kati ya kivuli, pang'ae kana kwamba sahani haipo kabisa. Kwake huo ulikuwa upuuzi wa kutosha kuiua nadharia nzima.

Arago, naye jaji, hakubishana kwa mdomo. Alichukua kisahani cha chuma cha kama milimita 2, akakibandika kwenye kioo kwa nta, akamulika. Doa likaonekana. Fresnel akapewa tuzo 1819. Na kinachoniuma mimi ni kwamba mwanasayansi mwingine, Maraldi, alishaliona doa hilo 1723, karibu karne nzima kabla, ila hakukuwa na nadharia ya kulifanyia kazi, likasahaulika.

Sababu yenyewe ni fupi. Kila nukta ya ukingo wa duara iko umbali sawa na pale kati, kwa hiyo mawimbi yanayojikunja kutoka ukingo mzima yanafika pale kwa mpigo mmoja, kilele juu ya kilele, yanaongezana. Ukisogea pembeni kidogo tu umbali haulingani tena, yanaanza kufutana.

Goroli254:
Ticha, inafanyika na vitu vya mtaani, mi nimeshaifanya na watoto wa shule huku Nairobi. Shida yako ni mbili. Kwanza tochi ya simu ni pana sana, kila kipande cha ile taa kinachora doa lake mahali pake, yanapandana mpaka hakuna kitu unaona. Pili ni hiyo sarafu, ni kubwa na ukingo wake si laini. Kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa ndivyo ukingo unatakiwa uwe laini zaidi, kwa sarafu mkwaruzo wa kama mikromita 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) unatosha kuharibu, lakini kwa goroli ya milimita 5 unaruhusiwa mpaka karibu mikromita 100, huo ni unene wa unywele hivi.

Enda kwa fundi wa baiskeli umwombe goroli ya beringi, ioshe grisi yote. Ibandike kwenye slaidi ya kioo kutoka maabara ya bayolojia, gundi tone dogo sana lijifiche nyuma ya goroli, ikitokeza pembeni duara imeharibika na hutaona kitu. Leza nyekundu usiipige moja kwa moja, miale yake ni myembamba kuliko goroli, itazibwa yote. Ipitishe kwenye kilenzi kidogo ili ifunguke. Goroli iwe mita 1 kutoka kwa lenzi, ukuta mita 3 nyuma ya goroli. Kivuli kitakuwa kama sentimita 2, doa hapo kati kama nusu milimita hivi, na duara duara zinalizunguka. Ukiweka ukuta karibu, doa linakuwa dogo mno jicho halilioni, wengi wanakata tamaa hapo.

Na tafadhali mtu asichungulie upande wa leza, waangalie ukutani tu.

nyota_za_kusini:
Naongezea. Ukishawaonesha doa, toa goroli ubandike kipande cha karatasi ya aluminiamu ulichokikata meno meno, ukubwa ule ule wa goroli. Doa litafifia au kupotea kabisa, hapo ndo wataelewa kazi ya duara. NASA, shirika la anga la Marekani, wamebuni kivuli kikubwa cha kuziba mwanga wa nyota ili sayari zake zionekane, wamekipa umbo la ua lenye petali kwa sababu hiyo hiyo, kingekuwa duara tupu darubini ingemulikwa na doa hili hili. Tena 2009 watafiti walilipata doa hilo kwa molekuli za deuteri (hidrojeni nzito) badala ya mwanga, yani mata, vitu vyenyewe vyenye uzito, nayo inafanya mambo ya mawimbi

Ticha_PCM:
Aisee asanteni sana. Leza nyekundu ninayo, slaidi zipo. Kilenzi nitatoa wapi?

Goroli254:
Webcam ya zamani iliyokufa, fungua kile kilenzi cha mbele, kinatoka kwa kuzungusha tu. Kinafungua miale vizuri sana. Kifute vumbi kwanza, vumbi linachora duara zake ukutani na wanafunzi watadhani ndiyo hizo.

Ticha_PCM:
Poa. Huyo binti ndo atakayeipanga goroli mwenyewe, mi nitashika pazia. Picha nitaziweka hapa hapa.