Zamani mbao zilikaushwaje bila tanuri?

Muulizaji: Wakuu, nimenunua mbao mbichi za mti wa podo, zote zimepinda. Wazee walizihifadhije?

Mzee wa Shume: Hata shikamoo hakuna? Haya. Miaka ya 70 nilikuwa mpanga mbao huko Lushoto. Chini tuliweka magogo, rundo lisiguse udongo. Kila safu tuliitenga kwa vijiti vya inchi 1, kijiti kikae sawasawa juu ya mwenzake. Kikihama kidogo, ubao unapinda hapohapo. Vichwani mwa mbao tulipaka rangi zisipasuke. Juu tulifunika kwa mabanzi, vile vipande vya nje vya gogo, ubavuni wazi upepo upite.

Fundi Tanga: Si ndiko Wajerumani waliteremsha magogo ya mwangati (mierezi) kwa kamba za chuma hadi Mkumbara, chini ya milima?

Mzee wa Shume: Ndiko, ila sikuzikuta. Muulizaji, zako uliziweka wapi?

Muulizaji: Shikamoo mzee. Niliziegemeza ukutani, juani.

Mzee wa Shume: Marahaba. Ndiyo maana.