Binti yangu kanyimwa alama kwa kusema 4,294,967,297 si namba tasa. Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mniwie radhi.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kwenye jaribio la tuisheni kulikuwa na swali la kweli au si kweli: "4,294,967,297 ni namba tasa." Akajibu si kweli, na pembeni akaandika 641 × 6,700,417. Akawekewa kosa kwa wino mwekundu.

Jumamosi nikamfuata mwalimu. Akaniambia, "Mzee, hiyo ni namba ya Fermat, na namba za Fermat zote ni tasa. Kitini kinasema hivyo." Nikamwomba agawanye pale pale, karatasi na kalamu ninazo. Akakataa! Mwalimu wa hesabu anakataa kugawanya!

Namba yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Namba za Fermat zote ziko hivyo: 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, kisha unaongeza 1. Mwaka 1640 Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alikuwa na 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa kweli, akaamini zinazofuata nazo zitakuwa hivyo. Aliamini tu, uthibitisho hakuwa nao. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kuwa ya sita, ndiyo hii, inagawanyika kwa 641. Na tangu hapo hakuna hata moja zaidi ya zile tano iliyopatikana kuwa tasa. Kitini chetu bado kiko 1640.

Gawanyeni wenyewe kwa mkono. 4294 kwa 641 ni 6, inabaki 448. Shusha 9, upate 4489, ni 7, inabaki 2. Endeleeni hivyo hadi tarakimu ya mwisho: mtafika 4487, ambayo ni 641 mara 7 kamili. Hakuna kinachobaki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoto hakubahatisha. Alikuwa amesoma kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakishe 1 ukikigawa kwa 64. Huo ndio ufunguo wa Euler. Kwa hiyo hakuhangaika na 7, 11 wala 13. Alijaribu 193, ikabakisha. 257, ikabakisha. 449 na 577, vilevile. Ya tano ikawa 641. Kurasa mbili za daftari, kazi safi kabisa, na juu yake mkwaju mwekundu. Aliniuliza, "Baba, kwani nimekosea wapi?" Nilishindwa hata kumwangalia.

Nataka alama yake irudishwe na ile sentensi ifutwe kabla kitini hakijapigwa kopi nyingine. Nitarudi Jumatatu na daftari lake, na safari hii sitoki mpaka mgawanyo ufanyike ubaoni.

Nanyi wazazi wenzangu, fungueni vitini vya watoto wenu leo, sehemu ya namba tasa. Mkiikuta hiyo sentensi, wekeni picha ya ukurasa hapa.