Naomba ushauri: samaki gani wanaweza kukaa na oska na Jack Dempsey?

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na siklidi wakubwa wakorofi, yaani ile jamii ya samaki wa mapambo ya kina oska na Jack Dempsey. Nina tangi la lita 500, ndani kuna oska kafika kama sentimita 25 na Jack Dempsey dume, wamekua pamoja toka wadogo kwahiyo wanatunishiana mapezi tu halafu kila mmoja anarudi kona yake. Sasa nataka kuongeza wenzao ila sitaki vita, na hawa samaki nawapenda sana sitaki hata mmoja aumie.

Nawafikiria silva dola watano hivi, wale samaki bapa wa rangi ya fedha, wana mwili mpana hawamezeki kirahisi na wanaogelea kikundi, naona hiyo inasaidia ubabe usimwangukie mmoja. Pia pleko mkubwa, yule kambare mwenye mdomo wa kunyonya, wa kukaa chini. Kambare wadogo kama korido hapana kabisa, oska akimmeza ile miiba inaweza kunasa kooni wakafa wote wawili. Konvikti nao nawaogopa, ni siklidi wadogo wenye milia lakini wakishataga wanafukuza kila kitu.

Maswali yangu, je silva dola waingie wakiwa na ukubwa gani? Na kuhamisha mawe na magogo kabla ya kuwaingiza, alafu kuzima taa usiku ule, kweli kunawasahaulisha wenyeji mipaka yao au dume la Dempsey atawasumbua tu? Hili ndo linaniumiza kichwa zaidi. Filta ninazo mbili na maji nabadilisha kila wiki, ila oska anachafua sana, wakiongezeka hao zitatosha kweli?