Kikundi cha kufungasha asali kinagota kwenye chupa 400 kila siku: tatizo ni watu au mpangilio?

KokiMoja (mleta mada):
Wakuu, salaam. Nasimamia chumba cha kufungasha asali hapa Tabora mjini. Watu 8, tangi moja lenye koki moja, chupa za gramu 500. Mmoja yupo kwenye koki, mmoja kwenye mizani, wawili vifuniko na kufuta chupa, wawili lebo, wawili katoni. Kila mtu ana posho ya siku, na kikundi kikifikisha chupa 400 kinapata bonasi ya kugawana sawa. Lengo lilianza 320, likapanda 360, sasa ni 400.

Tangu mwezi wa tano hesabu ya jioni ni kati ya 395 na 410 tu. Binti aliyeajiriwa mwezi wa nne yupo kwenye koki. Wiki ya kwanza, mchana, alikuwa anajaza chupa 80 kwa saa. Sasa 57, na wenzake wanamwita "bosi mdogo". Juzi nimekuta chini ya meza katoni 3 zimefungwa vizuri kabisa, ila daftarini hazimo. Nianze kumlipa kila mtu kwa chupa zake, au nipunguze watu?

Ipuli_77:
Hao wanategeana, mkuu. Ni jambo linalojulikana siku nyingi. Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wanaovuta kamba. Mtu mmoja akihesabiwa 100, wakiwa wawili kila mmoja anatoa 93, wakiwa wanane anatoa 49 tu. Na wewe unao wanane! Punguza wawili utaona.

MamaRatiba:
Hapana ndugu yangu Ipuli, hapo naomba tutofautiane. Vipimo vya kamba ni sahihi, lakini upungufu ule una sababu mbili: watu hawavuti kwa wakati mmoja, na kila mmoja analegeza kwa kuwa nguvu yake haionekani. Kwenye chumba cha asali kila mtu ana kituo chake, chupa zikirundikana kwenye mizani unajua nani kachelewa. Halafu kutegea hakuna kiwango kimoja. Watu wakitegea, leo utapata 340, kesho 420, keshokutwa 370. Hesabu inayoganda kati ya 395 na 410 kwa wiki nyingi ina watu wanaoihesabu. Hayo ni makubaliano.

KokiMoja, kabla ya kuwagusa watu, ipime koki. Huu ni msimu wa kipupwe, asali asubuhi ni nzito. Ikiwa chupa moja inachukua sekunde 60, kwa saa 7 unapata 420 na hakuna wa kulaumiwa. Chukua saa, pima chupa 20 asubuhi na 20 mchana, uhesabu na muda wa kubadilisha chupa.

KokiMoja:
Nimepima, dada. Asubuhi sekunde 58, mchana 41. Saa 3 za asubuhi zinatoa chupa 186, saa 4 za mchana 351. Jumla 537.

MamaRatiba:
Basi koki ina nafasi ya chupa 130 zaidi ambazo kikundi kimeamua kuziacha. Sababu umeiandika mwenyewe bila kuiona: 320, 360, 400. Kila walipofikisha, lengo lilipanda. Wamejifunza kwamba jasho la mwezi huu ndilo lengo la mwezi ujao kwa bonasi ileile. Hapo wakipunguza kasi wanajilinda.

Jambo hili lilichunguzwa kwa karibu kwenye kiwanda cha Western Electric cha Hawthorne, karibu na Chicago, mwaka 1931 hadi 1932. Wanaume 14 walikuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu, na malipo yalitegemea kazi ya kikundi kizima. Walikuwa na kiwango chao wenyewe cha siku. Wakikikaribia wanapoa, na kazi ya ziada hawairipoti, wanaiweka akiba ya siku mbaya. Hizo ndizo katoni zako 3. Anayezidisha alipewa majina ya kejeli, na ngumi ya begani. "Bosi mdogo" ni ngumi hiyohiyo, imekuja kwa njia ya utani.

Usimhamishe binti wala usimsifu mbele ya wenzake, utamzidishia shida. Na ukipunguza watu utakuwa umethibitisha hofu yao: wanaobaki hawatavuka 400 tena, kwa kuwa wameona matunda ya kuvuka.

Ningefanya hivi. Lengo lirudi 360 kwa kipupwe, na liandikwe ukutani kwamba halitaguswa kwa miezi 6, na hakuna atakayeondolewa kwa sababu ya kasi. Bonasi isiwe ya mkupuo. Ilipwe kwa kila chupa inayozidi 360, wagawane sawa kama walivyozoea, maana ugawaji sawa ndio unaowafanya wasaidiane koki inapokwama. Kabla ya kutangaza, kaa na yule ambaye wengine humtazama kabla ya kufunga koki. Yupo. Mara nyingi si yule uliyemweka kiongozi. Yeye asipokubali, karatasi ya ukutani itabaki karatasi.

Na katoni 3 ziandike daftarini kama kazi yao, uzilipe. Ukizifanya kosa, kesho zitafichwa mbali zaidi.

Mnyamwezi_Halisi:
Naunga mkono, ila kwa wanaosema mmoja mmoja alipwe chake, angalieni kazi yenyewe ikoje. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kila mtu mzigo wake, kama kilo 30, na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele. Mzigo ni wako, unaonekana begani, kwa hiyo ujira wa mtu mmoja unaingia akilini. Chupa ya asali inapita mikono 8. Utamlipa nani kwa chupa ipi?

FundiMizani:
Na asali ikikimbizwa inalipiza. Ukilipa kwa idadi tu, mtu wa koki atajaza na povu: chupa inaonekana imejaa, siku mbili baadaye povu limepanda na asali imeshuka chini ya shingo. Mizani inarukwa, vifuniko vinakazwa nusu. Asali inavuta maji kutoka hewani, na maji yakizidi asilimia 20 iko hatarini kuchacha. Wakala wa Vipimo wakikuta gramu 480 kwenye chupa ya 500, anayeulizwa ni mwenye lebo.

Kwa hiyo katika kila chupa 100 toa 10 bila kuchagua, pima uzito, geuza kichwa chini dakika 5 uone kama inavuja. Zikifeli 2, hiyo 100 haihesabiwi kwenye bonasi hadi ipimwe yote. Kazi hiyo ifanywe na mtu asiyegawana bonasi. Na tangi lisipashwe kupita nyuzi 40 ili kuharakisha koki. Lifunikwe usiku, kisha anza kujaza saa nne badala ya saa mbili, asubuhi itumike kwa lebo na katoni.

KokiMoja:
Hilo la kuanza koki saa nne sikuwahi kulifikiria. Huyo wanayemtazama nimeshamjua, ni mama wa vifuniko. Nitakaa naye kesho kabla ya kazi.