Mnatutoza hela ya kujifunza ufugaji wa samaki halafu mnatuonyesha maigizo

Wakuu, nimerudi jana usiku na hasira hazijaisha. Elfu hamsini ya kiingilio, nauli juu yangu kutoka Moro mpaka shamba moja la samaki huko Pwani. Tangazo linasema mafunzo kwa vitendo, sato, kambale na ule mfumo wa samaki na mboga kutumia maji yaleyale.

Tumefika saa mbili, tukawekwa chini ya turubai tunaonyeshwa slaidi mpaka saa sita. Jamani, bwawa unalijua alfajiri! Usiku kucha ile kijani ya majini nayo inavuta oksijeni, ukikuta samaki wako juu wanahema ujue kuna shida, sasa jua la saa sita utaona nini? Nikaomba daftari la chakula nione mifuko mingapi imetoa kilo ngapi, maana chakula ndo kinamaliza hela kwenye hii kazi, naambiwa ni siri ya shamba. Siri gani wakati nimelipia kuja kujifunza?

Twende kwenye mboga. Mchicha umesimama kwenye kokoto, watu wanapiga picha. Nikavuta mche mmoja, mizizi ina udongo mwekundu umegandana!! Kokoto zimeoshwa zinang'aa, udongo umetoka wapi kama hawajang'oa bustanini wakaja kuchomeka asubuhi ileile? Na pampu kimya, maji hayazunguki, hao bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi cha samaki iwe naitreti ya kulisha mmea wanaishi wapi hapo.

Kilichoniuma zaidi ni mzee mmoja mstaafu niliyekaa naye, ana kiinua mgongo chake anataka kuchimba mabwawa manne. Akauliza kama vifaranga ni dume tupu, kijana wa shamba akamjibu "wote mzee, bila shaka". Wavu ukavutwa kwenye bwawa la hao hao dume tupu, samaki mmoja akatema mayai ya njano palepale kwenye nyavu, maana jike la sato ndo linaatamia mdomoni. Nimeyaona kwa macho yangu, yule kijana akayasukuma majini kwa mguu. Mchanganyiko huo wanazaliana ovyo bwawa linajaa vidagaa, miezi minane huna samaki wa kupeleka sokoni.

Mzee alikuwa ameshalipia vifaranga elfu mbili.

Kama ulikuwepo juzi kwenye ziara hiyo nicheki inbox, twende pamoja tukadai hela yetu na ya mzee irudi yote.