Mwanafunzi kanibana na swali la mdudu mdogo, nirudi kujisahihisha?

Chaki Vumbi (Urambo, Tabora): Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Biolojia, kidato cha pili. Jana nimeeleza kwamba mdudu ana ubongo, utumbo na misuli, vyote vimejengwa kwa seli nyingi. Binti wa dawati la mbele akauliza: "Kwa hiyo ticha, hakuna mdudu mdogo kuliko paramesiamu?" Nikajibu kwa kifua mbele: hakuna, paramesiamu ni seli moja tu! Usiku napekua mtandaoni, kumbe wapo. Nirudi nijisahihishe au niache ipite? Na nikirudi, naelezaje walivyofika huko?

Mrina wa Sikonge: Rudi, ticha. Atakuja kuligundua mwenyewe, hapo ndipo aibu. Anza na nyigu Megaphragma, urefu kama milimita 0.2. Mfumo wake mkuu wa neva, pamoja na ubongo, una seli za neva 7,400 hivi. Ubongo wa nyuki wa mizinga yangu peke yake unakaribia milioni. Halafu karibu zote hizo za nyigu zinapoteza viini (sehemu ya seli yenye DNA) akiwa bado pupa, kabla hajawa mdudu kamili! Mtafiti Mrusi Alexey Polilov alilieleza hilo mwaka 2012. Akishakomaa anaishi siku chache tu.

Kijiwe Mwanga: Seli za ubongo hazina viini na bado anaruka, anatafuta chakula, anataga. Huku Kigoma kuna watu wana viini vyote na mwenza hawapati 😂

Mama Zai: Kijiwe, tulia. Ticha, siri iko kwenye yai. Nyigu hawa hutaga ndani ya mayai ya wadudu wengine, buu linakula humo humo. Ukiwa mdogo unaingia yai ambalo mkubwa haliwezi, basi vizazi kwa vizazi udogo ukalipa. Mabawa nayo yakageuka: kijiti chenye pindo la nywele, maana kwa mwili ule hewa ni nzito, ni kama kupiga kasia kwenye asali. Halafu kuna nyigu mwingine, Dicopomorpha echmepterygis, aliyeelezwa mwaka 1997 kutoka Illinois, Marekani: dume lake dogo kabisa lililopimwa lina milimita 0.139. Dume hilo mabawa halina, macho halina.

Chaki Vumbi: Hadubini yetu kioo kimepasuka, nitawaonyesha nini?

Mama Zai: Rula.

Chaki Vumbi: Mrejesho. Nimekiri mbele ya darasa, wamenizomea kidogo, poa. Kisha nikasema: kati ya mistari miwili ya milimita, madume saba madogo kama lile la milimita 0.139 yanajipanga na nafasi inabaki. Binti akasogeza rula dirishani, akafumba jicho moja.

"Saba, ticha?"

Saba.